Nyuki wa Mzee Runji Wamenyamaza

Ishiara, kwa Mzee Runji
Jumapili, 16 Septemba 1956

Kwa Dada yangu Rahema, Majengo, Meru.

Dada mpenzi,

Assalaam aleikum. Salamu hii inapanda lori la kubeba mbegu za mbarika, kwa hivyo ikikufikia na vumbi, ipanguse kwanza halafu uipokee kwa mikono miwili. Mimi mdogo wako ni mzima, nakula, nalala, na nimenenepa mpaka mshipi wangu nimerudisha matundu mawili. Wewe je? Shemeji Suleiman je? Na mtoto, ameanza kutembea, ama bado anabebwa huku na huku kama chifu? Mama nimwambie nini zaidi ya pole na kazi na shikamoo. Mwambie Omar wake hajaliwa na fisi wala hajatiwa ndani. Pasi yangu ya kusafiria iko sawa, na hata picha iliyo juu yake inacheka.

Barua yako niliipata siku ya soko. Uliandika mambo mawili. La kwanza, ati Baba amekuwa mkali pale buchani, anagombana na wateja. Anasema Wameru wa siku hizi wananong'ona kwa sababu ya Emajensi, hii hali ya hatari ya serikali, kila mtu anaogopa kusikiwa, hata nusu ratili ya nyama mtu anaiomba kama mtu anayesema siri. Tena miguu yake imevimba viatu haviingii, na analala ameketi, ameegemea mito. Ukasema ni uzee na hasira. La pili, umeniuliza mara ya nne kwa nini sirudi nyumbani, na mwaka wa pili huu unaisha.

Dada, nitajibu yote mawili, lakini si hapa juu. Hapa juu mkono bado unaogopa. Wacha kwanza nikupitishe kwa Mzee Runji, kwa sababu bila yeye hata mimi nisingekuwa na jibu.

Huyu mzee ni Mmbeere, mtu wa mizinga. Anayo kumi na moja, ya magogo yaliyochimbwa, imening'inia juu ya miti ya migaa kutoka uani kwake mpaka kule chini mtoni. Mimi namletea sabuni, sindano, vifungo na ugoro, yeye ananipa asali naipeleka Embu. Biashara yetu ilianza kwa kutukanana na ikageuka undugu. Alinipa nyumba ya mtoto wake Kathuri nilale, maana Kathuri alichukuliwa mwaka jana akapelekwa kizuizini, kambi ya Mwea. Nyumbani wamebaki yeye, mama mwenye nyumba ambaye sote tunamwita Nyanya, na Celina, mke wa Kathuri, ambaye sasa analala kwa Nyanya. Mimi ndio wa nne. Wananiita Mswahili, hata nikiwaambia mama yangu ni Mmeru wa kuzaliwa. Nyanya anasema Mmeru gani anauza vifungo na hana ng'ombe.

Sasa sikia kazi ya mizinga. Jioni, nyuki wakishaingia ndani, kabla ya saa ya kafyu, ile ya kutotoka nje, mzee anapita chini ya kila mti na mti mrefu mkononi, ule unaitwa ufito. Anagonga mzinga mara moja, ko! halafu anasikiliza. Mzinga wenye asali unajibu kwa sauti nzito. Ule mtupu unalia kama debe. Wale wa ndani wakikasirika kidogo tu, yeye alikuwa anaweza kukuambia kama watakuwa tayari mwezi huu ama ujao. Kwao wanawake hawakaribii mizinga, na Kathuri hayuko, kwa hivyo mimi ndio nilikuwa namfuata kubeba ufito. Macho yake ya mbali yalikwisha zamani. Alikuwa anategemea masikio.

Mwezi wa sita akagonga mzinga wa kwanza, akainamisha kichwa, akasimama kama mtu aliyesahau jina la mkewe. Akagonga wa pili. Akagonga yote kumi na moja. Tukarudi nyumbani, na kwenye kale kamlima kadogo ka kuingia uani alipumzika mara tatu. Usiku huo hakula. Asubuhi akatuita akasema nyuki wake wamenyamaza, na nyuki hawahami bure.

Dada, hawa watu wanaamini nyuki hawakai mahali pana ubaya uliofichwa. Watu wakikoseana na kunyamaza, nyuki wanasikia harufu yake wanaondoka. Dawa yake si moshi, dawa ni kutubu. Kwa hivyo mzee akaketi kwenye kiti chake cha miguu mitatu akasema kila mtu wa nyumba hii atoe alichoficha, akaanzia na mke wake.

Nyanya akasema kwa sauti ya chini ati ameficha jambo moja dogo. Mzee akamwambia aseme kwa nguvu, dhambi ya kunong'ona haitoki. Akarudia. Mzee akasema bado anaona haya. Basi Nyanya akajaza kifua akapiga kelele ati ule ugoro unaopungua kwenye pembe yake miaka miwili hauliwi na mbuzi, unaliwa na yeye! Ng'ambo ya mto kuna mtu alicheka, wallahi nilimsikia.

Celina naye akapigishwa kelele ati akigombezwa na Nyanya huwa anatia chumvi mara mbili kwenye chungu makusudi, ili wote wanywe maji mpaka wakome. Nyanya akamwambia alijua, ati ulimi wake si wa mbao. Ilipofika zamu yangu nilijitetea kwamba mimi ni mpangaji tu. Mzee akasema nyuki hawajui mpangaji. Nikatubu kwamba ile sabuni naikata kwa waya, na kila kipande nakipunguza unene wa ukucha. Nyanya akasimama hapo hapo akaleta vipande vyake vyote nivione, na mpaka leo ananidai kucha.

Tulicheka, tukaoshana roho, Nyanya na Celina wakapika pamoja siku hiyo. Jioni mzee akaenda kugonga mizinga. Akarudi akasema bado. Basi tukatubu tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata. Mpaka dhambi zikatuishia, Dada, tukawa tunatubu za utotoni. Mimi nilitubu ule wembe wa Shemeji niliouiba.

Sasa nikuambie ukweli ambao nilikuwa nao peke yangu. Nyuki walikuwepo. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nawasikia. Mzee akigonga, mimi niliye nyuma yake nasikia vuuu, kama lori linapanda mlima mbali. Siku ya kwanza nilidhani ananijaribu, kwa maana kwao mgeni hasemi amesikia nyuki wa mwenyewe. Anayehesabu mizinga ya mwenzake ni mwizi. Siku ya pili nikaogopa kumwambia mtu mzima, mbele ya kazi yake, kwamba masikio yake yamekufa. Na siku ya tatu, Dada, wacha nisikufiche, nikanyamaza kwa sababu kutubu kwenyewe kulikuwa kutamu kuliko sinema. Niliona miguu ya mzee imevimba. Niliona analala ameketi mlangoni akitafuta hewa. Nikasema ni uzee na huzuni ya nyuki. Nikaendelea kucheka.

Ikafika wiki ya tano. Mzee alikuwa amekasirika, akasema kuna jambo zito limebaki na anajua liko kwa nani. Akamwangalia Celina. Yule msichana akainuka. Akasema ndiyo, lipo, la mwezi wa mvua. Alichotaka kusema sikiandiki hapa, maana barua siku hizi zina wasomaji wengi kuliko gazeti. Jua tu lilikuwa neno ambalo likisikiwa na mtu wa serikali, Celina angemfuata mumewe kambini siku hiyo hiyo. Akalisema chini chini. Na mzee akafanya nini? Akamwambia alitoe kwa nguvu.

Wakati huo mimi niliyekuwa nimeelekea lango nikamwona hedimani, mkuu wa kijiji, anaingia na hom-gadi wawili, askari wake. Mikutano imekatazwa, na kelele zetu za kila wiki zilikuwa zimemfikia. Celina amewapa mgongo, anajaza kifua. Mzee anamhimiza, sema mama, sema. Nikaruka katikati yao nikapiga kelele mimi, ati Mzee, nyuki wako wapo, mimi nawasikia kila jioni! Mzee akaniangalia mdomo. Hakusikia. Nikamshika kichwa nikamwambia ndani ya sikio. Hapo akasikia, na akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mwizi wa mbuzi.

Sikuwa na ushahidi mwingine, Dada. Nilichukua ule ufito nikaupiga mzinga ulio karibu na lango kama ngoma ya arusi.

Wakatoka. Sijaona jeshi la serikali linatoka kambini kwa haraka namna hiyo. Nyuki hawaulizi mtu pasi, hawaulizi cheo. Hedimani alitangulia kupata mmoja wa mdomo, kofia ikaenda huku na yeye akaenda kule, akaruka ndani ya zizi la mbuzi akalala kifudifudi. Wale hom-gadi wawili nasikia walisimama walipofika sokoni. Mimi, Nyanya na Celina tuliingia nyumbani tukafunga mlango, na Celina aliyekuwa analia akaanza kucheka, akilia akicheka, na lile neno lake likarudi tumboni ambako ndiko kwao.

Lakini mzee alibaki nje. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alikuwa amesimama katikati ya wingu la nyuki wake, ameinua mikono, wanamzunguka kichwa, wanatembea kwenye masikio yake. Alikuwa anawaona sasa. Aligeuza kichwa upande huu, akageuza upande ule, anawatafuta kwa sikio, hawapati. Halafu akaketi chini pole pole, mkono kifuani, na pumzi yake ikawa kama mvukuto wa mhunzi. Hakuna mtu aliyecheka tena hapo.

Nikatoka na blanketi kichwani nikamburuta ndani. Nilipomshika mguu kidole changu kikaacha shimo, kama kwenye unga wa mahamri. Nyanya akasema shimo hilo lina miezi. Mimi nilijua lina miezi. Nilikuwa nimehesabu vichekesho nikasahau kuhesabu mashimo.

Hedimani alipotoka zizini mdomo wake ulikuwa kama wa bata. Nikamweleza haraka ya kwamba huu haukuwa mkutano, ni kikao cha nyuki, na mwenyewe amewaona wajumbe wote. Nyanya akamketisha akawa anamtoa miiba kwa ukucha mmoja mmoja, na kwa kila mwiba akimwomba pasi ya kwenda hospitali. Alipofika mwiba wa sita hedimani akaandika, ya watu wawili, mimi na mzee.

Asubuhi tukapanda lori. Mzee alikuwa hataki. Alisema asiyesikia nyuki amekwisha kufa, limebaki tangazo. Njia nzima hakuniangalia. Pale hospitali ya misheni dresa, yule msaidizi wa daktari, ni kijana wa kwetu, Kinoti, mtu wa Ruiri, na Kimeru chake na Kimbeere cha mzee vinaelewana kama binamu. Akatuingiza kwa daktari, mzungu mrefu mwenye mikono baridi. Mzee akakataa kuvua shati. Akasema huyu anataka nini kifuani kwangu, mimi shida yangu ni nyuki na masikio.

Kinoti akambembeleza mpaka shati likafunguka nusu. Daktari akaweka kidole kimoja mgongoni kwa mzee, na kwa kidole kingine akakigonga, ko ko, akasogea chini kidogo, ko ko, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Dada, mzee akageuka. Akamwangalia yule mzungu juu mpaka chini, halafu akavua shati lote. Akamwambia Kinoti ati kwa nini hamkuniambia huyu ni mtu wa mizinga? Na akamwambia amuulize, kuna asali ama kumebaki nta?

Kinoti akatafsiri. Daktari akacheka mpaka miwani ikatoka. Akasema kuna maji. Mzinga umejaa maji huku chini, na hiyo ndiyo inakula pumzi. Akaweka ile mipira yake ya masikio akausikiliza moyo muda mrefu, akabonyeza miguu, akachungulia masikioni akasema humo ni safi, hakuna nta wala kidonda. Halafu akatueleza, na mimi niliyatia kichwani maneno yake ili nikuletee.

Alisema moyo ndio unasukuma damu mwili mzima, na mahali padogo kabisa panapolishwa na damu hiyo ni huko ndani ya sikio, mshipa wake ni mwembamba kama uzi wa buibui. Moyo ukichoka, mguu unavimba na pumzi inakatika, hayo watu wanayaona. Lakini saa nyingine sikio nalo linalala njaa kimya kimya, na mwenyewe hajui, anadhani ni watu wanaonong'ona ama dunia imetulia. Akasema si kila asiyesikia ana moyo mbaya, na si kila moyo mbaya unaziba masikio. Lakini mzee akivimba miguu, akalala ameketi, na masikio yake yakaanza kupotea pamoja na hayo, usimwache nyumbani mkibishana. Mlete apimwe moyo. Akaonya chumvi iwe kidogo sana. Nilipomwambia Celina habari ya chumvi baadaye, alitazama miguu yake mwenyewe muda mrefu.

Tulimwacha pale wiki tatu. Akapigwa sindano ya kutoa maji, akakojoa mpaka akasema mto Thuci umepata mwenzake. Akapewa vidonge vidogo vya moyo, kimoja kila siku. Nilipoenda kumchukua alitoka na miguu yake mwenyewe, miembamba kama ya korongo, na akaniona kabla sijamwona. Akaniita mwizi wa nyuki kwa sauti mpaka wagonjwa wakainuka vitandani, halafu akanikumbatia.

Masikio hayakurudi yote. Daktari alisema yanaweza kurudi kidogo, yanaweza yasirudi. Ukisimama mkono wake wa kulia, ama uso kwa uso, anasikia. Kushoto ni ukuta. Lakini juzi jioni amenionyesha jambo. Anaegemeza ncha moja ya ufito kwenye mzinga, na ncha nyingine anaiuma kwa meno. Anafumba macho. Anasema wanaingia kupitia taya, wote, mpaka anajua nani ana hasira. Nilijaribu mimi nikawashwa na meno mpaka asubuhi. Mizinga kumi na moja, Dada, tisa imejaa. Nyanya amekaa sokoni tangu jana anawaambia watu mume wake anasikia kwa meno, na wanaobisha anawakaribisha waje wagonge wenyewe.

Sasa nimefika mahali mkono ulikuwa unaogopa.

Uliniuliza kwa nini sirudi. Nilikuambia ni biashara, nikakuambia ni pasi, nikakuambia ni barabara. Nilikuwa naongopa. Ile asubuhi niliyoondoka nilipita buchani kumuaga Baba. Unajua tulikuwa tumekosana, alitaka nishike kisu kama yeye na mimi nataka kutembeza vifungo. Usiku sikulala, nikasema nitamsalimu kwanza, nimwombe radhi, na akiniambia baki nitabaki. Alikuwa anakata mbavu, amenipa ubavu. Nikasimama upande wa mlango nikasema assalaam aleikum. Hakujibu. Nikarudia, watu wawili watatu wakageuka. Nikasema mara ya tatu. Baba akaendelea kukata.

Wewe unajua salamu kwetu ni nini. Hata adui ukimpa salamu atakuitikia, ni deni mbele ya Mungu. Nikasema basi, huyu mzee amenikata pamoja na hizo mbavu. Nikatoka sikuaga mtu, na vicheko vyote nilivyopiga miaka hii miwili, Dada, vingi vilikuwa vya kufunika hilo.

Halafu barua yako inakuja, ati wateja wananong'ona, miguu haiingii viatuni, analala ameketi. Niliisoma nikiwa nimesimama sokoni, nikaketi juu ya gunia la mtu. Mlango wa buchani uko mkono wake wa kushoto. Huenda Baba hakuninyima salamu. Huenda haikufika. Huenda na yeye miaka miwili hii anajiuliza huyu mtoto aliondokaje bila hata kuniambia kwaheri.

Na hata kama alisikia akaninyima, nimeamua sitalijali. Mguu wake umevimba, Dada. Mimi nimeshamcheka mzee mmoja mpaka akaanguka, wa pili sitangoja.

Kwa hivyo fanya hivi. Usinisubiri. Ukimaliza kusoma karatasi hii mchukueni Baba hospitali, wewe na Shemeji. Msimwambie ni masikio, atawafukuza na panga. Mwambieni ni miguu, halafu daktari akifika kifuani mwacheni agonge. Chumvi ondoeni. Na mkizungumza naye simameni mbele yake aone midomo, na mumwombe radhi kwa niaba ya Wameru wote, hawajawahi kunong'ona.

Mimi hedimani amenipa pasi ya kuanzia Alhamisi. Nitafika Ijumaa, Mungu akipenda, na sitasimama mlangoni. Nitazunguka nipite nyuma ya meza ya nyama, nimkabili uso kwa uso, nitoe salamu kwa sauti ya kumfukuza kila paka wa Majengo. Asiposikia nitarudia. Nimefundishwa kupiga kelele na watu wanaoijua kazi hiyo.

Nisalimie Mama, umwambie apike wali wa kunitosha mimi, si wa kumtosha mgeni. Mtoto mbebe mara moja kwa niaba yangu. Mzee Runji anakusalimu, Nyanya anakusalimu, Celina anakusalimu na amenishonea shati la kuja nalo, vifungo ni vyangu. Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako anayekuja,
Omar Abdulatif